Kinga Ilifungwa kwa Waya

Kwa miaka kumi na tisa nimeandika ripoti za ajali za kiwanda cha kufulia mashuka, na katika ripoti zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kufanya jambo lolote. Mapazia yaliunguzwa. Sabuni ilizidishwa. Mlango wa stoo uliachwa wazi. Ukizisoma mfululizo utadhani kiwanda kinaendeshwa na mashetani, maana kazi zinafanyika na mfanyaji haonekani.

Si mimi niliyeanza. Ofisi kuu inasoma Kiingereza tu, na Kiingereza cha ofisi kina adabu zake. Mwaka nilioajiriwa walinitumia mwongozo wa kurasa sita: usimtaje mtu, taja tukio. Basi mfanyakazi anakuja mezani kwangu, ananisimulia kwa Kiswahili, anataja majina kama mwalimu anayeita mahudhurio, nami nageuza. Maneno yakifika kwenye karatasi, watu wote wameshatoka. Kwa Kiswahili ukimwambia mtu kikombe kimevunjwa, hakuachii uondoke kabla hajauliza kimevunjwa na nani. Kile Kiingereza hakiulizwi. Kinapigwa muhuri, kinaingia kwenye faili.

Nilikipenda, nisiseme uongo. Niliona kinawasitiri wadogo. Yule dada wa mapazia ya hoteli hakufukuzwa, kwa sababu mapazia yaliunguzwa, basi, yakaishia hapo. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilifunika makombe mangapi sijui. Wafanyakazi wakaniita Dada Ripoti na wakawa wananiwekea kiti karibu na dirisha kwenye chumba cha chai. Hata binti yangu nyumbani alidaka mtindo. "Mama, sukari imemwagwa." Imemwagwa na nani? "Imemwagwa tu, Mama. Wewe si ndivyo unavyoandika?" Siku ile nilicheka hadi nikashika ubavu. Siku hizi hata kucheka ni kazi.

Mama Pacha ndiye anayelisha mashuka kwenye mashine kubwa ya pasi, ile yenye mapipa mawili ya chuma yanayozunguka yakiwa ya moto. Mbele ya mapipa kuna ubao mwembamba tunaouita kinga. Mkono ukiugusa, mashine inasimama. Shida ni kwamba hata shuka likikunjamana linaugusa, na siku za mashuka ya hoteli mashine inasimama mara arobaini kabla ya saa sita. Kwa hiyo siku hizo kinga inainuliwa na kufungwa kwa waya, isiguse kitu. Jioni waya unafunguliwa. Kila mtu anajua, na kila mtu amejitia hamnazo, mimi nikiwa wa kwanza.

Alhamisi moja asubuhi, kinga ikiwa imefungwa, mapipa yalivuta vidole vya Mama Pacha pamoja na shuka. Hospitali walimkata vitatu vya mkono wa kulia. Siku ya tisa alikuja kwangu kutoa maelezo, bendeji hadi kiwiko, akakaa na kusimulia polepole bila kulia.

"Msimamizi alisema tumechelewa, kinga ifungwe. Mdogo wako akaja na koleo, akaifunga. Mimi nilikataa, Dada. Nikasema leo sina amani na mashine hii. Msimamizi akaniambia kama sitaki, nje wamejaa wanaotaka. Nikalisha."

Mdogo wangu ndiye fundi wa mashine. Ni kitindamimba wetu. Mama alipofariki alikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamlea mimi, na kazi hii mimi ndiye niliyemtafutia. Mama Pacha aliposema "mdogo wako" kalamu yangu haikusita hata kidogo. Niliandika kwamba kinga ilifungwa kwa waya, shuka lililishwa, mkono ulijeruhiwa. Nikamgeuzia karatasi, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto bila kujua neno hata moja lililoandikwa, kwa kuwa ananiamini. Nikajiambia ni mazoea. Ukishazoea jambo miaka kumi na tisa, unaweza kujidanganya nalo mchana kweupe.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, na likaja kwangu nimtafsirie. Kwa kuwa ripoti haionyeshi mtu mwingine kwenye mashine, imechukuliwa kwamba kinga ilifungwa na mwendeshaji mwenyewe. Imependekezwa aachishwe kazi kwa kuvunja taratibu za usalama. Kikao Jumatatu.

"Lakini nilikutajia," alisema Mama Pacha. Hakupandisha sauti. Ningeshukuru angepiga meza. "Nilikutajia wote wawili. Nikaona unaandika."

"Niliandika, Mama Pacha."

"Hebu nisomee ulichoandika."

Nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, sentensi zangu tatu. Zilikuwa fupi mno. Alisikiliza akitazama ule mkono kama mzigo wa mtu mwingine aliowekewa mapajani.

"Mbona humo nimebaki peke yangu na mashine?" alisema.

Nilimwambia aende nyumbani, nitarekebisha, na alivyonitazama nilijua hanisadiki. Alikuwa na haki.

Mdogo wangu nilimkuta kwenye karakana nyuma ya boila, amekaa juu ya ndoo anakula mkate mkavu. Nilipomweleza aliacha kutafuna.

"Dada, usinitie humo. Wifi yako ana mimba ya miezi saba."

"Nitaandika kwamba ulitumwa."

"Msimamizi atakataa! Atasema hajawahi kutamka neno kama hilo. Waya wangu, koleo langu, mikono yangu. Yeye alifungua mdomo tu, na mdomo hauachi alama."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyonichosha zaidi. Nilikaa kwenye ndoo ya pili. Boila ilikuwa ikinguruma na miguu yangu ilikuwa imevimba tangu asubuhi.

"Ungeweza kukataa," nilimwambia.

"Kama wewe?" Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua tu. "Wewe ulikataa lini? Umewaficha watu kumi na tisa, sijui ishirini, watu baki kabisa. Mimi wa tumbo moja nawe ndiye nikose nafasi?"

"Wale hakuna aliyeumia kwa kuwaficha."

"Unajuaje?"

Sikujua. Msimamizi naye alikuwa ndani ya makombe yote yale niliyofunika, akipita kila mara, na sikuwahi kumhesabu. Nilikuwa nadhani nawasitiri wadogo. Niliinuka. Mdogo wangu akanishika mkono wa gauni kama alivyokuwa akifanya utotoni nikitaka kutoka, kisha akaona aibu, akauachia.

Ripoti ya pili niliiandika kwa mkono kabla ya kuichapa, maana vidole havikuamini. Msimamizi aliamuru. Fundi, ambaye ni ndugu yangu, alifunga kinga. Mwendeshaji alikataa. Msimamizi alimtishia. Mimi niliambiwa haya yote siku ile ile na sikuyaandika. Sentensi tano zilinichukua mchana mzima. Lile neno "niliambiwa" nililitazama sana, nikalifuta, nikaandika: Mama Pacha aliniambia.

Jumatatu niliisoma mbele ya kikao. Msimamizi alisema hakumbuki kuamuru chochote. Mdogo wangu alisema, "Ni kweli, nilifunga mimi," na hakuongeza kitu, wala hakunitazama. Mama Pacha alibaki kazini. Wamempeleka kukunja taulo, kazi anayoweza kwa mkono mmoja na nusu. Hajanishukuru, wala sikutegemea. Asubuhi ananisalimia, na hiyo inanitosha. Msimamizi alikumbushwa taratibu kwa maandishi, akahamishiwa tawi jingine, ambako nasikia ofisi yake ina kiyoyozi.

Wiki iliyofuata, saa saba mchana, mdogo wangu aliingia ofisini kwangu na bahasha. Kiingereza chake ni cha kwenye maboksi ya vipuri, lakini yaliyomo aliyajua. Ilionekana usoni.

"Nisomee," alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Nilisoma. Ripoti imepitiwa. Maelezo yamezingatiwa. Imeamuliwa kwamba mkataba wake usitishwe kuanzia mwisho wa mwezi, na vifaa vya kiwanda virudishwe. Ilikuwa barua safi, imenyooka, kama ningeiandika mwenyewe. Chini palikuwa na muhuri tu.

"Ameamua nani?" aliuliza.

Nilirudi juu ya barua nikaipitia tena hadi chini. Ningeweza kumwambia ofisi kuu, na asingebisha. Ningeweza kumwambia msimamizi, na ingekuwa karibu na kweli. Alisubiri amesimama, mikono yake yenye mafuta ikining'inia.

"Mimi," nilimwambia.

Alitikisa kichwa kukubali. Akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni, akaenda kumwambia mkewe.