Uso wa Mama Mkwe

Ijumaa ile Mama Tshiela alipoingia kwa mlango wa mbele, mkwewe Omer alitoka nje kupitia dirishani. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima tu: kwa Waluba, wawe wa Katanga au wa Kasai, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hali mbele yake mpaka siku atakapompa mbuzi wa kuondoa haya. Omer, Mluba wa Katanga, karani wa ghala la kampuni ya madini pale Kolwezi, alikuwa na mwaka wa tatu wa ndoa na mbuzi hajaonekana. Kampuni ilikuwa inakufa polepole, mshahara ukija siku unayojisikia kuja.

Kwa hiyo wikendi ile mwenye nyumba alikula kwa jirani, Mama Odile, huku wageni wakila kwake.

Wageni wenyewe walitoka Tenke. Ulikuwa mwaka ule ambao watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, mji baada ya mji. Tata Kalonji, baba mkwe, fundi wa reli mwenye tumbo la mtu anayependa utani, alizaliwa Tenke. Baba yake ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Sasa vijana walikuwa wamemgongea mlango wakimwambia arudi kwao, nako huko kwao hajawahi kukutia mguu. Jumatatu yeye na mkewe wangepanda treni ya Kasai. Walikuja kwanza kumwona mjukuu na kula vizuri pamoja na binti yao. Ndivyo walivyosema.

Lakini Yolande alimvuta mumewe nyuma ya jiko.

"Mama anataka niende nabo, mi na mutoto. Ataniuliza siku ya mungu mangaribi, kesho yake ni treni."

"Na weye utasema nini?"

"Sijue, Omer. Siku bale batu bakikuya hapa, nani atanilinda?"

Swali hilo lilimuuma Omer. Alimpenda mkewe kupita kiasi, na mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Akaazimia kwamba chakula na matembezi vitamsemea.

Jumamosi sombe, yale majani ya muhogo, ilitwangwa tangu asubuhi, ikapikwa na karanga. Yolande alisonga bukari mbili: moja ya mahindi matupu, na nyingine iliyochanganywa na unga wa muhogo, maana Tata Kalonji alidai kwamba isiyo na muhogo ni uji uliosimama. Omer alisimamia karamu yake kutoka uani kwa jirani, kichwa kimechungulia juu ya ukuta.

"Tata! Chumvi inatosha?"

"Inatosha, mukwe! Kuya uonje!"

"Siwezi, tata, mama eko hapo!"

Jikoni Mama Tshiela alicheka mpaka akapaliwa. Hata huko kucheka alikufanya ndani ya kitenge, kusudi mkwewe asiuone mdomo wake umefunguka.

Jumapili baada ya misa, Omer aliazima kamyoneti, kigari cha mizigo cha mume wa Odile, wakaenda ziwa Nzilo. Omer aliendesha, Tata Kalonji kando yake. Wanawake na mtoto walikaa nyuma, Mama Tshiela akimpa dereva mgongo. Kile kioo cha kuangalizia nyuma Omer alikivisha soksi ya mtoto, asije akauona uso kwa bahati mbaya. Tata Kalonji alisema hajawahi kubebwa na dereva mwenye adabu na hatari kiasi hicho.

Ziwani walichoma samaki. Mama mkwe akitembea huku, Omer alitembea kule, na mtoto akakimbia kati yao akipeleka vipande vya samaki kwa pande zote mbili, vingine vikifika na mchanga. Tata Kalonji aliimba. Kwa saa chache hakuna aliyeikumbuka treni.

Wakati wa kurudi wakakuta gogo limelala barabarani. Vijana wenye fimbo walilizunguka gari. Omer aliposhuka, Mama Tshiela alijifunika kitenge usoni, kama ilivyompasa.

"Huyu mama anaficha sura juu ya nini?" kijana mmoja akapiga kelele. "Ni wa Kasai! Mufunue!"

Mkono wake ulikuwa umekwisha kushika kitenge. Yolande akamkumbatia mtoto. Omer alikuwa mwoga, yeye mwenyewe alilijua hilo, lakini aliruka akauondoa ule mkono. Hapo akamwona mkubwa wa kundi: Stany, mtoto wa baba yake mdogo kule Lubudi, shati wazi mpaka kitovuni.

Stany aliangalia chini. "Omer, weye ni wetu, pita na gari yako. Bao bashuke."

"Kama banashuka, na miye nashuka. Bibi yangu, mutoto, bote. Utamwambia baba kule Lubudi kama ni weye ulinifukuza." Omer akaketi juu ya gogo. "Na huyu mama anajificha juu yangu miye, Stany. Ni mama mukwe."

Stany akakauka. Mama mkwe wa Omer ni mama mkwe wake pia, ukoo ni mmoja na haya ni moja. Kutoka ndani ya kitenge sauti ikauliza:

"Kumbe ni ndugu ya Omer? Na unasimama mbele yangu kifua wazi, unaniangalia?"

Stany aligeuka upesi, akaanza kufunga vifungo huku akivikosea.

"Na bale bengine, bana ya nani?"

"Ba kwetu Lubudi, mama," alijibu akiwa amempa mgongo.

"Basi nabo bageuke!"

Wakageuka mmoja mmoja. Hata waliokuwa si wa Lubudi waligeuka, maana nani alitaka kubaki peke yake akiangalia mama mkwe wa watu?

"Na huu muti nani atauondoa? Miye?"

Waliliondoa gogo kinyumenyume, wakikanyagana vidole.

Walipokwisha kuvuka, Tata Kalonji alipasuka kicheko, na Omer akalazimika kusimamisha gari kwa sababu machozi yalimziba macho. Nyuma Mama Tshiela alicheka kuliko wote. Kisha akalia, na Yolande akamshika mpaka alipomaliza.

Jioni chakula kilipotengwa, Omer alielekea kwa jirani kama kawaida.

"Omer," Mama Tshiela aliita. "Kuya, ukae."

"Mama, mbuzi sijatoa bado."

"Kesho ni treni. Hiyo mbuzi utaituma wapi? Kaa."

Alikaa, macho kwenye sahani. Mama Tshiela alishusha kitenge, akamega bukari, akala mbele yake. Kisha akamgeukia binti yake na kuuliza alilokuja kuuliza.

"Hapana, mama," Yolande alisema. "Nilikuwa naogopa hakuna wa kunilinda. Leo nimeona. Nabaki na bwana yangu."

Tata Kalonji aliacha kula. Mama Tshiela alitafuna tonge lake mpaka likaisha.

"Angalia miye, Omer."

Omer aliinua macho. Ulikuwa uso mdogo, umechoka, na Yolande alikuwa ameurithi wote.

"Sasa nimekuona uso," mama mkwe alisema. "Mutoto wangu akipatwa na kitu, najua nani nitamuuliza."

"Ndiyo, mama," Omer akajibu, na hakuangalia pembeni.