Ayala Hutambuliwa kwa Nyuma

Wakala wa Nairobi alikuwa amemwahidi Justus kazi ya sanaa, na sanaa pekee aliyoikuta Dubai ilikuwa ile ya kusimama juani siku nzima bila kuyeyuka. Alikuwa soja wa getini. Geti lenyewe lilikuwa la karakana moja huko Al Quoz iliyotengeneza wanyama wa faibaglasi: ngamia wa kuweka mbele ya hoteli, simba wa kutema maji, na safari moja dinosau aliyekwama chini ya daraja akiwa juu ya lori, akasimamisha magari mpaka polisi wakaja kumtazama na wao.

Justus alizaliwa Tabaka, kule Kisii, ambako mtoto hushika jiwe la sabuni na patasi kabla hajajua kushika kijiko. Kwa hiyo kuwatazama mafundi kupitia kidirisha cha getini kulimuuma kama mpishi aliyefungiwa nje ya jikoni yake mwenyewe. Fundi mkuu alipokwenda kwao likizo asirudi, arbab Yaarub, mwenye karakana, alipita getini akamkuta Justus akichonga kifaru kwa kipande cha sabuni ya kufulia.

"Hii umefanya wewe?"

"Ndiyo, sir."

"Na geti analinda nani?"

"Kifaru, sir."

Yaarub hakucheka. Alikigeuzageuza kile kifaru, akakitia mfukoni, na kesho yake akaja na picha sita.

"Kuna madam Mwingereza anafungua chekechea kwenye villa, Al Twar. Bustanini anataka ayala wa porini wa kwao. Sita. Akiwapenda, unavua hiyo sare, unaingia ndani kuwa fundi. Akiwakataa, geti liko palepale. Yalla."

Ayala! Justus alikuwa amemwimba kanisani tangu utotoni, ila hakuwahi kumwona hata pichani. Aliyempa darasa alikuwa Tonny, mchomeleaji kutoka Machakos, ambaye ulimi wake ulitoa cheche kuliko mashine yake.

"Rahisi sana, omogaka," Tonny alimwambia, akimwita mzee kwa Kikisii chake cha kuazima. "Huyo ni swala aliyeota mti kichwani."

Sasa, mchongaji wa Tabaka ana mazoea yake. Watalii hawanunui twiga mmoja. Wananunua twiga baba, twiga mama na twiga mtoto, shingo zimekumbatiana. Justus alikuwa amechonga familia maisha yake yote, na mkono wake haukujua kitu kingine. Alipozitandaza zile picha mezani hakuona wanyama sita. Aliona ukoo. Yule mwekundu mwenye pembe kama matawi ya mkahawa alikuwa baba. Yule wa pembe pana kama viganja alikuwa babu, mzee mwenye mashamba. Mwenye pembe fupi zilizosimama wima alikuwa kifungua mimba, kijana wa sekondari. Mwenye madoadoa na asiye na pembe alikuwa binti. Kadogo kenye mgongo uliopinda kalikuwa kitinda mimba. Na yule mwingine asiye na pembe, mwenye masikio ya mviringo kama ya dubu, akawa mama, akapewa kimo cha mama: bega kwa bega na mumewe. Mdomoni mwake palikuwa na kitu cheupe kimening'inia pande zote mbili. Justus aliona ni nyasi kavu, akamsafisha.

Kazi ilitoka safi, usiseme. Hata Tonny alikosa la kusema, jambo ambalo karakana nzima ililikumbuka kwa muda mrefu.

Madam Hazel alifika na kofia yake pana. Aliizunguka ile familia mara moja, akarudi, akazunguka tena. Kisha akamwekea mkono kichwani yule mama.

"Huyu ni nani?"

"Mama, madam," Justus akajibu kwa fahari.

"Mama wa nani?"

"Wa hawa wote. Isipokuwa huyu mumewe, na huyo babu, madam. Huyo ni mkwe."

Madam akajiziba mdomo kwa kofia. Mabega yakamtikisika. Justus hakujua kama ni kicheko au kilio, na kwa soja vyote viwili ni vibaya.

"Justus," akasema alipopata pumzi, "hawa hawana undugu. Ni makabila sita. Huyu mama yako ni ayala wa maji wa Kichina. Kimo chake kinaishia hapa." Akagusa juu kidogo ya goti lake. "Na hata si mama. Ni dume. Yako wapi meno yake?"

"Meno gani, madam?"

"Marefu, yanashuka nje ya mdomo. Ndiyo silaha yake, maana hana pembe."

Zile nyasi! Justus alitamani sakafu ya karakana ifunguke.

"Buda," Tonny akamnong'oneza kutoka nyuma, "umewaoza madume wawili, mmoja Mchina, halafu ukawapa watoto."

Yaarub hakuwa na masihara. "Khalas. Justus, rudi getini. Madam, nitatafuta mtu mwingine."

Justus aliiona kofia yake ya soja imetundikwa kwenye msumari inamngoja. Angeweza kuichukua akaondoka kimya. Badala yake akauliza, "Madam, samahani. Wewe unawajuaje?"

Madam Hazel akamtazama, kisha akaenda nyuma ya wale wanyama, akainama kwenye makalio.

"Kwa hapa."

Tonny akafungua mdomo, Yaarub akamtazama, akaufunga.

"Kwetu ukimwona ayala uso kwa uso, una bahati," madam alieleza. "Mara nyingi unamwona akikimbia. Baba yangu alinifundisha kutazama nyuma." Akaomba chaki, akachora hukohuko. Mwekundu ana kiraka cha rangi ya maziwa ya mgando, na mkia mfupi. Falo, yule babu, ana weupe uliozungushiwa weusi kama kiatu cha farasi, na mkia mrefu mweusi usiotulia. Sika, yule binti, ana weupe unaochanuka akishtuka. Ro, yule kijana, ni mweupe na mkia hauonekani kabisa. Muntjaki, yule mdogo, huinua mkia juu kama bendera. Mchina hana kiraka chochote.

"Na wenyeji hasa ni wawili tu, mwekundu na ro," akamalizia. "Wengine waliletwa. Huyu Mchina na muntjaki waliletwa kupamba bustani za matajiri, wakatoroka, wakazaana porini."

"Kumbe nao walimkimbia kafeel, tajiri mwenye viza yao!" Tonny ikamponyoka.

"Wageni wengi, wenyeji wawili," Yaarub akasema polepole. "Kama hapahapa Dubai." Na kwa mara ya kwanza tangu karakana ijengwe, arbab alicheka mbele ya wafanyakazi.

Justus hakucheka. Alikuwa anatazama ile chaki. Kutambua kwa nyuma? Hiyo si ndiyo kazi yake? Kila jioni watu walimpita getini kwenda kwenye basi la kampuni, na hakuhitaji sura ya mtu. Tonny alitupa miguu kama aliyeazima viatu. Yekoniya, mpaka rangi kutoka Uganda, bega lake moja lilikuwa chini. Mgongo haujui kudanganya.

"Sir, nipe mpaka wiki ijayo," akasema. "Geti nitalinda, na hawa nitawatengeneza baada ya zamu."

Yaarub akamtazama madam. Madam akaitikia kwa kichwa. "Inshallah," akasema Yaarub, kwa ile sauti ambayo inaweza kumaanisha lolote.

Juma lile Justus alikata, akajaza, akapiga msasa. Mama Mchina alifumuliwa wote, akaundwa upya hadi kimo cha mbwa, akapewa meno yake. Yekoniya alimchanganyia rangi, na Tonny akachomelea mkia wa muntjaki huku akiuliza kama bendera hiyo ina wimbo wake.

Siku madam aliporudi, hakukuta familia. Alikuta ayala wametawanyika uani, kila mmoja na njia yake, wote wameligeuzia geti mgongo kama waliosikia hatua zake.

Akasimama palepale getini.

"Mwekundu," akasema. "Falo. Yule ro. Sika, ameshtuka!" Akavua kofia. "Muntjaki, mkorofi wewe. Na yule asiye na kitu..." Akakimbia, mwanamke mzima, akazunguka kutazama mdomo. Meno yalikuwepo. Akabaki ameinama hapo kitambo, mkono juu ya mgongo wa yule mnyama, na aliposimama macho yake yalikuwa na maji.

"Baba angewajua wote," akasema.

Yaarub alimfuata Justus, akamvua kofia ya soja kichwani, akaenda kuitundika kwenye pembe ya yule mwekundu.

Siku chache baadaye, jioni, Justus alitoka na mafundi kwenda kwenye basi, nguo zimejaa vumbi la faibaglasi. Getini alikuwa amekaa soja mpya, Sharifu wa Mombasa, anawatazama wakipita.

"Wewe, tembea vizuri," Tonny akamwambia Justus. "Yule anakusoma kwa nyuma."

Justus akanyoosha mgongo, akapanda basi.