Kwaya Isiyo na Myahudi

Mathieu alimwambia wakati wa kahawa, mbele ya watu, kwa tabasamu la mtu anayeleta zawadi.

"Claudine, ule ubeti wa pili tutampa Chloé. Wewe kwenye tamasha utatuimbia kitu cha kwenu. Peke yako, kwa Kiswahili!"

"Kwetu wapi?" Claudine aliuliza. "Mimi nakaa Berchem, hapahapa Brussels, ghorofa ya nne."

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, maana mtu anayekucheka kwa upole hakupi pa kumshika.

Kwaya ile iliimba nyimbo za Kiyidishi, lugha ya Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya Mashariki, na ndani yake hapakuwa na Myahudi hata mmoja. Mathieu mwenyewe, aliyeiongoza, alikuwa mwalimu wa shule, Mkatoliki aliyebatizwa Namur. Alipenda kueleza kwamba zamani nyimbo hizi zilisikika nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Midi, kwenye karakana za mafundi wa ngozi na wa cherehani, mpaka vita vikawazoa wenyewe. "Mji uliokatwa ulimi," alisema. "Ukiwa mtu wa Brussels, hizi ni zako. Si lazima uwe Myahudi. Ni zetu sote."

Claudine alikuwa ameliamini lile neno "sote".

Tusidanganyane: hakwenda pale kwa ajili ya historia. Alikwenda kwa sababu Kalenga, mumewe, alikuwa amekufa, na kila alipoingia kwenye kwaya ya parokia ya Wakongo akina mama walishusha sauti. Walimshika mkono, wakamwachia kiti cha pembeni, na hakuna aliyethubutu kumtania tena. Alikuwa amegeuka kaburi la Kalenga lenye miguu. Ndipo akaona tangazo la kwaya hii maktabani. Jumanne ya kwanza waliuliza jina na aina ya sauti, basi. Kwa saa mbili hakuwa mjane wa mtu. Aliporudi nyumbani ukimya ulimngoja uleule, lakini yeye alikuwa na kitu cha kupiga mluzi jikoni.

Ubeti wa pili ulikuwa mistari minne tu, juu ya dirisha na theluji. Mathieu alimpa baada ya Pasaka. Alijifunza kila silabi akiosha vyombo.

Jioni ile alimpigia Mignonne, binti yake aliyekuwa Liège, wakaongea Kiswahili cha Likasi, kwao Kongo.

"Bananinyanganya kipande yangu," alisema.

"Kipande gani, maman?"

"Ya kuimba. Banasema niimbe ya kwetu."

"Bon, si uimbe? Maman, unaacha paroisse yako, unaenda kuimba na Bazungu luga ya batu benye habako tena. Sasa banakuomba Kiswahili, unakasirika. Weye ulikuwa Muyahudi tangu lini?"

"Na beye balikuwa Bayahudi tangu lini?"

Mignonne alicheka mpaka akakohoa. "Alors kataa."

"Nikikataa, mardi, siku ya kuimba, nitaenda wapi?"

Mignonne akasema mtoto analia, watazungumza kesho.

Kwa hiyo Claudine alikubali. Sasa akatafuta cha kwao. Za kanisani zilikuwa tele, lakini alipozipitia aligundua kwamba tuni zote zililetwa Likasi na mapadri wa Ubelgiji. Angekuwa anawarudishia mali yao. Za kubembeleza watoto mama yake alimwimbia kwa Kisanga, lugha ya nyumbani kwao. Ulibaki wimbo mmoja wa Kiswahili usio na padri ndani yake: ule ambao wanawake huimba kwenye kilio, maiti inapotolewa uani.

*Mwenye nyumba ametoka, viatu vyake vimebaki.*

Hakuuimba siku ya Kalenga. Alishindwa, wakamwimbia wengine.

Ijumaa kabla ya tamasha kwaya ilikula pamoja. Walikuwa na desturi hiyo: meza ya Sabato, mishumaa miwili, mkate wa kusokotwa, divai. Safari hii walimwalika Myahudi wa kweli, mzee aitwaye Monsieur Wajs, aliyezaliwa mjini humohumo. Mathieu alivaa shati jeupe. Mishumaa ikawashwa giza likiwa limeshaingia, ilhali Wayahudi huiwasha kabla ya jua kuzama. Chloé akaleta sinia la kroketi za uduvi, vibonge vya kukaangwa, fahari ya kila mkahawa wa Ubelgiji, akamwekea mzee mbili.

Monsieur Wajs aliziangalia. "Uduvi," alisema taratibu. "Sheria yetu inaukataza."

Uso wa Chloé ukawa mwekundu kama jamu.

"Usijali, mama yangu naye alizinunua kila Ijumaa," mzee alisema, akakata kipande. "Baba alisema tuwe Wabelgiji."

Mathieu akainama mbele. "Na nyimbo? Tukiimba, unazikumbuka?"

"Hapana. Baba alikataza ile lugha nyumbani. Mama alipotaka kuimba alifungua bomba la maji ili asisikike." Akafuta mdomo. "Mnaimba vizuri, nadhani. Siwezi kujua."

Meza ilipoa. Walikuwa wamemleta awape baraka, naye hakuwa nayo mfukoni. Baadaye, wengine wakiondoa sahani, Claudine alisogea karibu naye.

"Papa, nikuulize. Mimi nikiimba za kwenu, utakasirika?"

"Papa!" mzee alisema. "Hakuna aliyewahi kuniita hivyo." Alifikiri. "Usiniombe ruhusa, madame. Nikikupa, itabidi niwe mwenye mali. Mimi sina kitu."

Tamasha lilifanyika Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa kata, na bango kubwa: SISI NI NANI. Chloé aliimba ubeti wa dirisha na theluji. Aliuimba vizuri, hilo ndilo liliuma. Kisha Mathieu akatangaza "sauti ya Afrika miongoni mwetu", na Claudine akatoka kwenye safu yake, akasimama peke yake mbele.

Aliimba polepole. Kwenye mstari wa pili mtu wa nyuma alianza kupiga makofi kufuata mwendo. Safu nzima ikamfuata, kisha ukumbi. Mwanamke mmoja alisimama akatikisa mabega, akimwinua mwanawe acheze. *Viatu vyake vimebaki*, aliimba Claudine, na watu wakapaza "Bravo!" Aliona viatu vya Kalenga, vile vyeusi vilivyokuwa bado chini ya kabati, kwa sababu hakujua amvalishe nani. Hakulia. Alikaza sauti akamaliza, maana wimbo wa kilio haukatwi katikati.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya siku nzima.

Ni Monsieur Wajs peke yake, safu ya mbele, aliyekaa na mikono magotini. Mlangoni alimngoja Claudine na kofia mkononi.

"Amekufa nani?" aliuliza.

"Mume wangu. Umejuaje?"

"Uso wako. Wao walikuwa wanasikiliza ngoma."

"Hapakuwa na ngoma."

"Ndiyo."

Alimpa mkono, akaenda kwenye basi lake. Basi la Claudine lilikuwa la upande mwingine.

Mathieu akaja mbio, jasho kwenye paji. "Claudine, umewaua! Tutauweka kila tamasha. Labda na ngoma ndogo?"

"Hapana. Huu hutausikia tena."

"Unatania."

"Sitanii, Mathieu. Ule ni wimbo wa kuzikia mtu. Nipe ubeti wangu."

Mathieu aliomba radhi mara tatu, na kwa macho ya kweli. Halafu akasema kwamba ubeti, unajua, Chloé ameshauzoea, itakuwa vigumu, tutaona.

"Haya," alisema Claudine. "Tutaona."

Jumanne alikwenda. Alipoingia watu walishusha sauti. Mathieu alikuwa ameshawaeleza. Chloé alimshika mkono kwa mikono miwili, na mtu akamsogezea kiti cha pembeni, karibu na kipasha joto. Claudine alikitazama. Akakibeba, akakirudisha katikati ya safu ya sauti ya pili, akawaambia wanawake wawili wasogee. Wakasogea, zaidi ya ilivyohitajika.

Mathieu akainua mkono. Ulipofika ubeti wa dirisha na theluji, Chloé akaanza peke yake, na Claudine akafumba mdomo kama wengine, akingoja kiitikio.