Programu ya Chumba cha Nyuma

Kampuni ilipoamua kuizima ile programu ya zamani, mhandisi aliyeiandika aliomba aizime mwenyewe. Hakwenda ofisini. Alibeba kompyuta yake akaenda kwa dada yake, kwenye chumba cha nyuma ambako yeye na mume wa dada walikuwa wameianzia wakiwa vijana. Siku hizi kilikuwa chumba cha kupigia pasi. Dirisha lilikuwa lilelile, na bado lilikuwa halifungi vizuri.

Shemeji yake aliachana na programu zamani; alifundisha hesabu, na mvi zilikuwa zimemjaa.

"Umekuja kumzika mtoto wetu," alisema, akisogeza rundo la mashati ili wapate pa kukaa.

"Nimekuja tumuage pamoja, shem."

Kazi ya programu ile ilikuwa moja: mtu anaandika mitindo ya ukurasa wa wavuti kwa mkato, nayo inaigeuza iwe ile mirefu ambayo kivinjari kinaielewa. Mhandisi alifungua faili la viteuzi. Kiteuzi ndicho kinachosema mtindo umwendee nani. Jina tupu ni la kipengele, kama aya au kichwa. Lenye nukta mbele ni la klasi, yaani kundi la vipengele. Lenye alama ya reli (#) ni la kitu kimoja tu ukurasani.

"Unakumbuka ulivyoshikilia kwamba yote haya ni maandishi tu?"

"Usinianze, shem."

Shemeji alikuwa ameshikilia kweli, na ubishi akaushinda. Mwanzoni programu ilihifadhi kila kiteuzi kama maandishi matupu, na ilipotakiwa kubadilisha kimoja ilitafuta herufi zinazofanana na kupachika nyingine. Kisha mteja wao wa kwanza, mwenye gazeti dogo la mtaa, akapiga simu. Alikuwa ameomba klasi ya "habari" ibadilishwe, na programu ikaliona neno hilo hata ndani ya "habari-kuu", ikalivuruga jina hilo pia. Kichwa cha ukurasa wa kwanza kilitoka kidogo kama tangazo la paka aliyepotea.

Asubuhi iliyofuata shemeji alifuta kazi yake yote bila kuambiwa, akavuta kiti. "Haya, nionyeshe ulivyotaka wewe."

Wakakipa kila kiteuzi mwili wake: aina yake na jina lake. Viwili vikikutana vinaulizana aina kwanza, kisha jina zima. Dada alipoleta chai aliwakuta wakibishana kama nukta ni sehemu ya jina au ni alama tu ya aina. Aliweka vikombe sakafuni, maana meza haikuwa na nafasi, akaondoka akicheka peke yake.

Sasa walisoma polepole, mstari kwa mstari, hadi walipofika kwenye maneno ambayo shemeji aliyaacha katikati ya msimbo wa programu: "Nyota, tutarudi." Alama ya nyota (*) ni kiteuzi cha kipengele chochote. Ikiunganishwa na aya, jibu lilipaswa kuwa aya; programu yao ilishindwa, haikutoa kitu. Walikuwa hapo kampuni ilipokuja kuinunua. Kampuni ilimtaka mhandisi peke yake. Shemeji alimbebea kompyuta hadi mlangoni, akamtakia heri, na jambo hilo halikuzungumzwa tena.

"Uliumia?" mhandisi aliuliza, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Shemeji alikunja shati lililokuwa limekwisha kukunjwa. "Niliumia. Nilikuwa napita hapa mlangoni natazama kwingine. Halafu watoto wakahamia humu, wakapiga kelele zao, nikasahau kukasirika."

"Nilipaswa kukuuliza mapema."

"Umeuliza." Akavuta kiti. "Nipishe hapo nimalizie nyota yangu."

Vidole vyake vilikuwa vizito, alitafuta vibonye kama mtu anayepapasa swichi gizani. Mhandisi alimsomea sheria, yeye akaandika: nyota ikikutana na kipengele, ibaki kipengele. Walijaribu. Aya ikatoka aya. Shemeji aliitazama kwa muda, akajaribu tena na kichwa, kisha na picha, ingawa hakukuwa na haja.

Ndipo wakaizima. Dada aliwakuta bado wamekaa, akaweka kapu la nguo mlangoni, akaketi juu ya rundo la mashuka, akaanza kuwauliza yule mwenye gazeti alikuwa anaitwaje.