Somo la Hesabu Kutoka Nyumba ya Msiba

Mume wangu Akonaay tulimzika mwezi wa Machi, mvua ikinyesha juu ya jeneza na juu ya katekista. Baada ya hapo nyumba yetu ikajitenga, kama wanavyofanya wengi bado hapa Maretadu. Mjane na watoto wake hawachangamani na watu mpaka wazee waseme msiba umetoka. Hatuchoti maji wanapochota wengine, hatuingii kwa mtu, na mtu haingii kwetu. Padri alishasema kanisani kwamba hiyo ni mila tu. Watu walimwitikia vizuri, na hakuna aliyekuja. Sikuwalaumu. Nilipokuwa msichana mimi pia nilizungukia mbali nyumba za namna hiyo.

Nilisali rozari asubuhi na jioni. Nililisha mbuzi. Nililala. Sikulia. Kaburini watu walinitazama wakisubiri nilie, nami nilikuwa natazama viatu vya waliobeba jeneza, jinsi vilivyojaa tope.

Aliyebaki nami nyumbani ni Fausta, binti yangu wa mwisho. Yuko kidato cha nne katika sekondari ya kata, na mtihani wa taifa ni Novemba. Msiba ungetoka baada ya mavuno. Mpaka hapo masomo yangekuwa yamempita, na hesabu ndiyo anayoitaka kuliko chakula, maana bila hesabu hataenda kusoma sayansi kidato cha tano.

Shule yao haina mwalimu wa hesabu. Wanafundishwa na mwalimu Renatus, ambaye yuko mjini na anafundisha shule kadhaa kwa pamoja kupitia mtandao. Darasani wamefunga runinga kubwa ukutani. Wanamwona, naye anawaona. Anauliza, wanajibu papo hapo. Madam Philomena, wa Kiingereza, ndiye anayewasha mitambo na kuwatuliza. Ni yeye aliyenipigia simu.

"Mama Fausta, pole na msiba. Sasa sikiliza. Mwalimu mwenyewe hayupo darasani, na anafundisha. Fausta naye ajiunge kwa simu akiwa huko huko nyumbani."

Nikamwambia sina neno, waulizwe wazee.

Wazee walikaa. Jibu lilikuja na shemeji yangu Isidori, kaka wa marehemu. Ni mzee wa kanisa, na ni yeye pia anayeshika mila za ukoo. Alisimama nje ya ua wa minyaa akapaza sauti kama anayeita ng'ombe.

"Shemeji! Mnanisikia?"

"Tunakusikia."

"Shikamoo baba mkubwa," Fausta alisema kutoka mlangoni.

"Marahaba. Tumekubaliana hivi. Simu siyo mtu. Sauti ipite. Ila sura yako isionekane kule, maana sura ina macho."

"Kwani sauti haina mdomo, baba mkubwa?"

"Nyamaza wewe! Unataka nirudi tena nikawaulize?"

Basi Fausta akaanza kusoma akiwa nyumbani. Mtandao unashika vizuri nje, chini ya paa upande wa jikoni. Alikuwa anaegemeza simu kwenye kopo, anakaa na daftari mapajani. Mimi nilikaa karibu nikichambua maharage. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya eksi na wai siyajui. Lakini nilisikia.

"Maretadu, mpo?"

"Tupooo!"

"Mbona kama mmelala? Fausta, upo?"

"Nipo, mwalimu."

"Huyu aliye nyumbani ndiye aliye macho. Haya, tuanze na yeye."

Sauti za watoto wa watu zilijaa uani kwetu kisha zikazimika, na kuku wakabaki wanapekua. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya hesabu. Sikufurahi wala sikuchukia. Maharage yalichambuka.

Sasa, Akonaay alikuwa hasikii vizuri sikio moja. Asubuhi, kabla ya kutoa ng'ombe, alikuwa anachelewa zizini, anazungumza nao, na mimi namwita kwa nguvu. Nilifanya hivyo tangu nilipoolewa. Asubuhi moja Fausta yuko kwenye somo, nilitoka jikoni na sufuria ya uji. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nadhani sikuwa nawaza kitu. Mdomo ukafanya ulichozoea.

"Baba Fausta! We Baba Fausta! Njoo bwana, uji unapoa!"

Fausta alikuwa ndiyo kwanza amejibu swali. Maiki ya simu ilikuwa wazi.

Kwenye simu dawati likaanguka. Msichana mmoja akapiga kelele, na nikaisikia sauti ya Michael, mtoto wa Scolastica jirani yetu. "Kaitwa! Marehemu kaitwa humu humu!" Vikafuata vishindo vya miguu. Madam Philomena alikuwa akisema kaeni, kaeni chini, na sauti yake mwenyewe ilikuwa inaelekea mlangoni.

"Maretadu?" mwalimu Renatus aliuliza. "Mbona madawati matupu? Mmepata tetemeko?"

Fausta akafunga simu. Akanitazama.

"Mama, umesikika."

"Na nani?"

"Na darasa zima."

Nilikuwa bado nimeshika sufuria. Niliiweka chini.

Mchana Isidori alikuja, akasimama mbali kuliko mara ya kwanza.

"Shemeji, umefanya nini? Unamwita mtu katikati ya watoto wa watu?"

"Nilimwitia uji."

"Ulimwitia uji hapa, sauti ikaenda shuleni. Sasa wazazi wanauliza, marehemu akiifuata sauti atatokea wapi? Hapa au kule?"

Niliona hata yeye hakuwa anapenda kuuliza. Alikuwa anachora chini kwa fimbo.

"Kesho wanakutana na Madam darasani," alisema. "Mwalimu wa mjini naye atakuwepo kwenye runinga. Wakisema mtoto atolewe kwenye somo, atatolewa. Mimi siwezi kuwazuia. Nina mjukuu mle."

Alipoondoka, Fausta alikaa kwenye kigoda akikunjua na kukunja kona ya daftari.

"Wakinitoa sasa ndiyo basi, mama. Novemba nitaitazama ile karatasi kama mbuzi."

Nilipiga magoti nikasali. Maneno ya sala yalitoka yote kwa mpangilio wake, na mimi nilibaki vile vile.

Kesho yake Fausta aliunganisha simu, akafunga maiki, akanionyesha mara mbili kwamba imefungwa. Tuliwasikia wazazi wakiingia darasani wakisalimiana, shikamoo, marahaba, na madawati yakilia. Scolastica ndiye aliyeanza.

"Sisi hatuna ugomvi na mtoto. Mtoto ni wetu. Lakini Michael wangu jana hakula. Anasema kila mlango ukilia ni mzee Akonaay amefuata uji."

"Wazazi wangu," mwalimu Renatus alisema, "mimi kwetu ni Songea. Nielewesheni. Mama amesahau, amemwita mumewe. Kosa liko wapi?"

"Huyu mgeni hajui," mzee mmoja alisema, na wengine wakaguna.

Nilinyoosha mkono nifungue maiki. Fausta akanishika.

"Ukiongea watatoka tena. Andika. Kuna mahali pa kuandika hapa chini, mwalimu anaona hapo hapo."

"Niandike mimi?"

"Niambie, nikuandikie."

"Hapana. Aliyeita ni mimi."

Nilichukua simu. Herufi zake ni ndogo na vidole vyangu ni vigumu. Nilifuta, nikaanza tena. Kule wazazi walikuwa wameanza kusema wote kwa pamoja, nikadhani nimechelewa. Nikabonyeza pale Fausta aliponionyesha.

"Subirini," mwalimu Renatus alisema. "Kuna ujumbe umeingia. Ninasoma kama ulivyo. 'Mimi ni mama wa Fausta. Nilimwita marehemu kwa mazoea. Hakuitika. Nilisubiri, hakuitika. Ule uji nilimwaga kwa kuku. Msiogope. Watoto wakae wasome.'"

Ilikuwa ajabu kusikia maneno yangu kwa sauti ya mwanamume hapa uani. Niliangalia upande wa zizi, kisha nikaangalia mikono yangu.

"Mwalimu," Scolastica alisema taratibu, "rudia pale kwenye kuitika."

Akarudia.

Halafu nilimsikia Isidori akikohoa. "Haya. Maandishi hayana sauti, yako kimya. Mtoto aandike majibu, mwalimu ayasome kwa mdomo wake. Maiki yao isifunguliwe mpaka msiba utoke. Kuna mwenye neno?"

"Na mama akae na uji wake jikoni!" mzee yule akasema.

"Uji wenyewe kapewa kuku," Scolastica akamjibu, na watu wakacheka, kwanza kidogo, kisha wengi. Madam Philomena akauliza kama wamekubali. Wakakubali.

Somo lililofuata Fausta alikaa pale pale chini ya paa. Mwalimu aliuliza, naye akaandika haraka, ulimi nje kidogo kama alivyofanya akiwa mdogo.

"Fausta anasema thelathini na sita," mwalimu alisoma. "Fausta, umeacha alama ya kutoa. Umekosa."

Darasa likaangua kicheko.

"Kumbe hata kimya kimya anakosa!" Michael alipiga kelele.

Fausta aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Kisha akaandika tena.

"Fausta anasema," mwalimu akasoma, akijizuia, "'Michael, wewe jibu lako liko wapi, au lilikimbia na wewe?'"

Walicheka mpaka simu ikakwaruza. Nilimtazama binti yangu akifuta machozi ya kicheko na kurudi kwenye daftari. Mwalimu alikuwa ameshaanza swali jingine. Jua lilikuwa limepanda, na mbuzi walikuwa wanalia. Nikainuka nikaenda kuwafungulia.