Miguu ya Vitwitwi

Binti wa ofisi ya mazingira alikuja topeni na viatu vyeupe. Vyeupe! Nikampa jina hapo hapo: Bi Harusi. Akasema, "Shikamoo shangazi," nikaitikia shingo upande. Mwaka wa tisa huu naihesabia ofisi ndege wa tope hili la pwani, leo naletewa mtoto wa juzi aliyesomea ndege kwenye picha anisaidie. Makubwa!

Mambo yalikuwa hivi. Meneja wa yadi ya makontena alikuwa ameshafukia nusu ya tope, sasa anataka ruhusa ya nusu iliyobaki. Ofisi ingemkatalia kwa jambo moja tu: kuonekana kwa kitwitwi wa miguu ya manjano, ndege mdogo wa pwani aliye adimu. Wa miguu myeusi wamejaa kila mahali, hawamzuii mtu. Na daftari langu lilisema myeusi tangu ukurasa wa kwanza.

"Shangazi, mbona mdomo wa huyu umepinda kidogo?" Jicho lake liliganda kwenye darubini.

"Mwanangu, hawa wote kahawia, wote wadogo, na wote wana midomo. Tazama miguu. Myeusi au si myeusi?"

"Myeusi."

"Haya, andika twende zetu."

Hakuandika. "Halafu huyu ananyata. Wenzake wanakimbia."

"Labda tumbo linamuuma," nikasema, nikacheka peke yangu.

Bi Harusi akaketi topeni na suruali yake safi. Saa nzima! Jua linanichoma utosi, kiuno kinaniuma, na yeye anamkodolea macho ndege mmoja kama anayemchumbia. Nilishaanza kupanga nitakavyomsimulia meneja tucheke.

Basi yule ndege akanyata mpaka kwenye bomba linalovuja maji safi. Akaoga, akajikung'uta, akapanda juu ya jiwe. Miguu ya manjano, kama ndizi mbivu. Akafuata mwenzake, naye akatoka wa manjano. Wa tatu vivyo hivyo. Tope letu ni jeusi tititi na linaganda miguuni, nami miaka tisa nilikuwa naandika rangi ya tope.

Nilinywea. Binti hakucheka wala hakunitazama. Afadhali angecheka.

Meneja akaja na kofia yake ngumu. "Mama, ni wale wale, sivyo?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Binti akainama kupangusa viatu, akaniachia mwenyewe.

"Ni wa manjano," nikasema.

"Wa manjano? Si wewe uliyetuandikia myeusi mwaka jana, tukafukia kule?"

"Ni mimi. Na kule walikuwa hawa hawa."

Akabenua mdomo. "Kumbe miaka yote hiyo ndege wenyewe hukuwa unawajua?"

Mimi na majibu, nani asiyenifahamu? Safari hii nikalifungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Sikuwa nawajua," nikasema, nikampa binti daftari aandike yeye.