Neno la Musafiri kule Mutshatsha

Mwaka mmoja baada ya vita vya 1978, Kolwezi, mji wa migodi kule Zaire, ilijaa wageni. Walikuja Wafaransa, wakaja Wabelgiji na Wamarekani, na kila mmoja aliuliza habari za shaba kabla ya kuuliza habari za watu. Musafiri Amadi, karani wa komini ya Manika, mtaa mmoja wa mji huo, ndiye aliyewatafsiria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Kasongo; mwana alibaki na Kifaransa kizuri na mgongo uliochoshwa na Landrover za watu.

Mwezi wa Juni akapewa mgeni mwingine, Bwana Halvard, mjumbe wa nchi ya kaskazini mwa Ulaya isiyo kubwa wala ndogo. Walikwenda Mutshatsha, mji mdogo wa reli, kwa mkunga aliyeitwa Mama Mado. Serikalini alikuwa citoyenne Mbayo, yaani mwananchi Mbayo, ila hakuna mzazi aliyemwita hivyo. Nyuma ya nyumba yake ya uzazi wanaume walikuwa wakichimba kisima kwa mikono, wameshafika mita saba.

"Waache kuchimba," Halvard alisema. "Tutaleta mashine ya kuchimba, na pampu. Sisi hatutaki shaba yenu, wala hatutumwi na mkubwa yeyote."

Maneno hayo Musafiri hakuwahi kuyasikia kwa mgeni. Aliyatafsiri, kisha akaongeza la kwake: "Huyu iko mutu wa kweli, mama. Mumungojee."

Wakangoja.

Oktoba ikafika barua. Halvard aliandika kwamba serikali yake imeamua kutia fedha zake kapu moja na mataifa makubwa, na wakubwa wamesema reli itangulie, ile inayobeba shaba. Yeye alipinga, hakusikilizwa. Aliomba radhi.

Musafiri hakukasirika. Alichoka tu, akakaa na ile barua mapajani mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemtuma, lakini Jumamosi alipanda treni kwenda Mutshatsha.

Mvua zilikuwa zimeanza. Alimkuta Mado akifua nguo za wazazi kwa maji ya mto, mekundu kama matofali. Akamsomea barua yote.

"Pampu haikuye?"

"Haikuye, mama."

Mado alikamua shuka, akalitundika. "Shimo ilishaanguka. Tuliiacha juu ya kungojea ile pampu. Tata Musafiri, baba, nikuulize: ile neno ya 'mutu wa kweli,' ni yeye alisema, ao ni weye?"

"Ni mi."

"Basi mi sina palaver wala ugomvi na muzungu. Muzungu sikumujua. Weye nilikujua."

Musafiri alikunja barua, akaitia mfukoni. Alirudi Kolwezi, na Jumatatu akamwambia mkuu wake kwamba hatasindikiza wageni tena. Akahamishiwa meza ya kuandikisha watoto waliozaliwa, kazi ya chini kuliko ile ya kwanza.

Kiangazi kilichofuata alichukua likizo yake yote, akaenda Mutshatsha na sururu kuchimba upya kisima kilichoanguka. Wanaume walimcheka, karani wa miaka hamsini na mikono laini. Siku ya tatu viganja vilichubuka. Mado alivifunga kwa kitambaa. Mita ya tisa walikuta mwamba, wakaupasua kwa moto na nyundo, polepole, wiki mbili nzima.

Maji yalitoka Agosti. Hayakuwa mengi, na siku za kwanza yalikuwa na tope. Mado alijaza kikombe, akakiacha kitulie, kisha akampa Musafiri.

"Kunywa, tata. Halafu ulale. Unachoka."

Akanywa, akalala kwenye mkeka barazani hata jua likazama.